Kizuri Hakijiuzi

Leo ni Ijumaa, na kwenye biashara ya muziki Ijumaa ni siku yenye wenyewe. Tangu tarehe 10 Julai 2015 kampuni kubwa za muziki duniani huachia kazi mpya siku hii, nchi nyingi kwa pamoja. Kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na yake: Uingereza Jumatatu, Marekani Jumanne. Ukifungua simu yako asubuhi ya leo utakuta orodha imekaa inakusubiri, nyimbo mpya zimepangwa foleni, na juu kabisa wako wale wale: yule aliyegombana na mpenzi wake wiki iliyopita, na yule anayejiandaa kugombana na wake wiki ijayo.

Sasa nenda Mburahati, umkute kijana aliyemaliza kurekodi saa tisa usiku, umuulize ngoma yake inatoka Ijumaa ipi. Atakushangaa. Ngoma imeshatoka. Imetoka pale pale ilipokwisha, ikaingia kwenye simu ya rafiki, rafiki akamtupia bodaboda, bodaboda akaifungulia kwenye spika yake, na kabla hakujakucha wakazi wa Kigogo wameisikia. Haikungoja Ijumaa. Haina picha ya jalada, na pengine haina hata jina la maana. Faili limeandikwa tu "mpya mpya final 2".

Leo nataka tuzungumze kuhusu ngoma za aina hiyo na namna ya kuzipata. Wazee walituambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo inafaa sokoni kwenye mchele, lakini kwenye muziki wa siku hizi imekaa kichwa chini miguu juu. Kizuri kimejifungia ndani ya simu ya mtu Tandale, hakuna anayekijua. Kibaya kina bango Barabara ya Morogoro. Kwa hiyo mwenye hamu ya kusikia kazi mpya za wasanii wasio na lebo wala meneja, wale tunaowaita andagraundi, itabidi atoke mwenyewe akatafute. Na namna ya kutafuta, kwa maoni yangu, ni moja inayoshinda nyingine zote: usifuate nyimbo, fuata watu. Wimbo ukikupendeza usiishie kuurudia mpaka uuchoke. Uulize nani kapiga kinanda, nani karekodi, studio ipi, na studio hiyo iko mtaa gani.

Zamani kazi hii tulifanyiwa. Radio Tanzania Dar es Salaam iliziita bendi studio, ikazirekodi, kisha mtangazaji akatutajia jina la bendi na la mtunzi. Aliyetaka wimbo wake utoke kwenye santuri alielekea Nairobi, maana hapa hatukuwa na pa kuifyatua. Wengine kazi zao zilibaki kwenye kanda za redio. Mlango ulikuwa mmoja na bawabu mmoja. Bawabu huyo alikuwa na ukali wake, maneno ya wimbo yalipitiwa kwanza, na lisilowapendeza wakubwa halikutoka. Lakini kwa msikilizaji mambo yalikuwa mepesi. Ukishafungua redio, umemaliza.

Siku hizi milango haina idadi. Mwaka 2022 wakuu wa kampuni mbili kubwa za muziki duniani walisema hadharani kwamba nyimbo zipatazo 100,000 hupakiwa mtandaoni kila siku. Nasema kila siku, msikilizaji. Chukua dakika tatu kwa wimbo mmoja, unapata saa 5,000 za muziki ulioingia kati ya jana saa hizi na leo saa hizi. Ili uzimalize nyimbo za siku moja ungekaa na spika sikioni, bila kulala, karibu miezi saba. Na utakapomaliza utakuta za miezi saba nyingine zinakungoja.

Ndiyo maana tukaletewa mashine ya kutuchagulia. Kila mwenye simu anaijua: umesikiliza huyu, basi jaribu na huyu. Mashine hiyo haina masikio kama yako. Haijui kama sauti ni tamu au imepauka. Zaidi inaangalia nani kasikiliza nini, halafu inasema wewe na fulani mnafanana, fulani kaupenda huu, nawe utaupenda. Ni akili ya kutosha, na mara kwa mara inapatia. Tatizo ni kwamba ili ikuletee wimbo, mara nyingi lazima pawe na watu waliokwisha kuusikiliza humo humo ndani yake. Wimbo ambao haujasikilizwa humo, kwake ni kama haujazaliwa.

Na wasikilizaji wetu wengi mashine haiwaoni. Tusidanganyane kuhusu bando. Mtu aliyenunua bando la siku hawezi kukubali kulimaliza kwa kusikiliza wimbo mmoja mara kumi mtandaoni. Ataupakua mara moja, au ataomba atumiwe, au ataupeleka kwa kijana wa kibanda. Vibanda hivyo bado vipo, stendi za mabasi na masokoni. Kijana amekaa na kompyuta, mbele yake spika mbili zinatazama barabara, pembeni waya za kuchajia simu za watu. Unampa memori kadi au flashi. Ukimwambia unataka nini, sawa. Usipomwambia, anakutazama nguo, anakutazama umri, anakuuliza unaelekea wapi, kisha anakujazia. Hebu fikiria: mtu aliyekutazama machoni ndiye anayekuchagulia muziki, na kesho usipopendezwa utarudi kumlalamikia. Mimi huyo namwamini kuliko orodha yoyote ya Ijumaa.

Basi wimbo unaweza ukasafiri kutoka Mbagala hadi Nachingwea ndani ya memori kadi za makondakta, watu wakauimba, wakaucheza harusini, na kwenye mtandao ukaonekana haujasikilizwa na mtu. Spotify ilitangaza kuja Tanzania, Kenya na Uganda Februari 2021. Tangu mwanzo wa 2024 ina kanuni kwamba wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu kabisa. Kwa msanii wa Mburahati hiyo maana yake ni kwamba mtaa mzima unaweza ukawa unamjua, na bado kwenye vitabu yeye ni sifuri. Boomplay, iliyoanzia Nigeria mwaka 2015 na kutufikia watu wengi ikiwa tayari imo ndani ya simu za Tecno, ilituelewa kidogo zaidi kwenye suala la kupakua na kusikiliza bila bando. Lakini hata huko anayepandishwa ukurasa wa mbele ni yule ambaye tayari ana watu wake.

Nilisema tufuate watu. Niwaonyeshe kwa singeli, kwa sababu hakuna muziki wetu ulioonyesha jambo hili waziwazi kama huo.

Singeli imetoka kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, ambako mpiga muziki aliuchukua mdundo wa taarab, akauongeza kasi mpaka ukawa unakimbia, na mshika maiki akaingia juu yake kughani bila kupumua. Kabla yake ulikuwapo mchiriku, na watu wa Dar wenye umri wangu wanaukumbuka: kinanda kidogo cha Casio, ngoma, na spika ya tarumbeta inayokwaruza masikio. Kundi la Jagwa Music lilipiga muziki huo kwa miaka mingi uswahilini. Albamu yao, Bongo Hotheads, ilitolewa mwaka 2012 na lebo ya Brussels, Ubelgiji. Sisi wenyewe tulikuwa bado tunauita muziki wa wahuni.

Singeli nayo ilianza kwa kuitwa hivyo hivyo. EFM ya hapa Dar, iliyoanza 2014, ilipoamua kuipa nafasi hewani ndipo Msaga Sumu, Man Fongo na Dulla Makabila wakajulikana hata kwa watu wasiowahi kukanyaga Manzese. Hao mnawajua, sina haja ya kuwaeleza. Mimi nataka twende nyuma yao, studio.

Pale Mburahati kuna studio ya Sisso. Mwaka 2017 lebo ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes ilikusanya kazi za vijana wa studio hiyo ikazitoa pamoja kwa jina la Sounds of Sisso. Hiyo ndiyo ncha ya uzi. Aliyeisikia akaipenda, akasoma majina, akaanza kufuata majina hayo, hakuhitaji mashine tena. Bamba Pana alitoa Poaa mwaka 2018, na aliyeghani humo ni Makaveli. Jay Mitta akatoa yake, Tatizo Pesa. Kutoka huko unasikia kwamba kuna studio nyingine, Pamoja, na mwenyewe ni kijana anayeitwa Duke. Mwaka 2019 Duke akatoa Uingizaji Hewa, jina ambalo kwa mwendo wa muziki wenyewe nadhani lilikuwa la mzaha, maana hewa ndiyo kitu cha kwanza unachokikosa. Mwaka 2022 ikaja Sounds of Pamoja, na mwaka huo huo DJ Travella akatoka na Mr Mixondo, akiwa kijana mdogo kabisa, na ukimsikiliza unasikia kwamba hawa wakubwa aliwasikia, na kwamba hana nia ya kuwafuata nyuma. Mwaka 2024 Sisso akarudi na mpiga kinanda Maiko. Kazi saba au nane, studio mbili, kilomita chache za jiji moja. Hakuna hata moja kati yake iliyonifikia kwa orodha ya Ijumaa.

Wenye kuujua muziki huu wana mazoea mengine ambayo nayashauri sana: kusikiliza sekunde ishirini za mwanzo. Wengi tunaziruka tukidhani ni kelele. Lakini prodyuza wetu hutia saini yake hapo. Kuna sauti inataja studio, inataja aliyetengeneza biti, mara nyingine inasalimia mtaa, inasalimia mwenye saluni aliyewakopesha spika, inamsalimia hata yule anayewadai. Kwenye faili lisilo na jalada wala maelezo, salamu hizo ndizo ukurasa wa kwanza wa kitabu. Andika jina ulilolisikia, ulitafute. Na ulitafute kwa tahajia zote unazoweza kuzifikiria, kwa sababu msanii mmoja utamkuta ameandikwa kwa Z huku, kwa S kule, na namba badala ya herufi mahali pa tatu. Jaribu kumtafuta Makaveli wa singeli kwa jina peke yake uone. Utaletewa Tupac Shakur, aliyefariki mwaka 1996 na ambaye alilitumia jina hilo kwenye albamu yake ya mwisho, na utashushiwa Tupac ukurasa baada ya ukurasa. Ongeza neno "singeli", ongeza Bamba Pana, ongeza Sisso, ndipo kijana wetu anapochomoza. Kwenye majukwaa makubwa ni vibaya zaidi: wasanii wawili wenye jina moja hujikuta wamechanganywa ukurasa mmoja, kwaya ya kanisa juu, mshika maiki wa singeli chini.

Sasa hapa naomba niseme la moyoni. Nawashukuru watu wa Kampala, kazi waliyoifanya ni kubwa. Tamasha lao la kando ya mto Nile huko Jinja, lililoanza 2015, limewakutanisha wanamuziki ambao mipaka yetu haikuwahi kuwakutanisha. Lebo yao ndogo ya Hakuna Kulala, aliyoshiriki kuianzisha Mkongo Rey Sapienz, ndiyo iliyotuletea MC Yallah na albamu Kubali mwaka 2019, mwanamke aliyezaliwa Kenya akakulia Uganda, anayeghani Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza kwa pumzi moja. Yote hayo ni kheri. Lakini sikio la mgeni huchagua la kwake. Ukisikiliza singeli iliyovuka bahari, utagundua prodyuza yuko mbele na mwendo uko juu, mapigo 200 kwa dakika na kupanda. Watu wa Ulaya wanaipenda kama mshtuko. Singeli inayopendwa Tandale ina kitu kingine: maneno. Watu wanacheka kabla hawajacheza. Kuna fumbo la mama mwenye nyumba, kuna shemeji, kuna kodi ya miezi sita, kuna jirani aliyekopa mkaa. Hayo hayavuki bahari kwa urahisi, kwa hiyo mtunzi wa maneno anabaki mtaani wakati prodyuza anapata pasipoti. Mtu wa Ulaya anayedhani anaijua singeli anajua nusu yake. Na mtu wa Masaki ambaye ameisikia kwa mara ya kwanza baada ya Wazungu kuisifu, huyo hata nusu simpi.

Hiyo ndiyo sababu sisi tunaokielewa Kiswahili tuna kazi ambayo hakuna lebo ya nje itakayotufanyia. Sisi ndio tunaoweza kusema huyu anaimba vizuri na pia anasema vizuri.

Njia ya studio ni moja. Zanzibar utafuata shule. Chuo cha muziki cha nchi za majahazi, DCMA, kilianzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, na wengi wa wanaopiga kanuni, udi na fidla kwa namna mpya visiwani wamepita mle. Siti and the Band wametoka huko. Albamu yao Fusing the Roots ni ya 2018. Ukitaka kujua nani anakuja baada yao, usisubiri albamu. Albamu kwao ni gharama. Nenda kwenye maonyesho ya wanafunzi, na mwezi Februari soma ratiba ya Sauti za Busara, tamasha linalofanyika tangu 2004, na usisome majina makubwa ya usiku. Soma ya saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado kali na Ngome Kongwe haijajaa. Mtu anayekubali kupiga saa hiyo bado ana kitu anataka kukuthibitishia.

Bagamoyo utafuata ukoo. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka zeze na ilimba kwenye kumbi za dunia, alifariki Desemba 2003. Wengi tulidhani hadithi imekwisha. Mwanawe Msafiri alitoa Uhamiaji mwaka 2017, akiichanganya ilimba na mitambo ya umeme. Kisha mwaka 2024 wakatokea Pendo na Leah, binti na mjukuu wa mzee, kwa jina la The Zawose Queens, na albamu Maisha. Miaka yote ile walikuwapo, jukwaani, nyuma, wakiitikia na kucheza. Kwa desturi ala hizo zilikuwa za wanaume. Yaani kulikuwa na wasanii wapya mle ndani ya kundi tulilodhani tunalijua, na tuliwatazama kila siku tusiwaone. Nikipata nafasi ya kutazama bendi yoyote siku hizi nawaangalia sana waitikiaji.

Na Nairobi kuna uzi unaorudi nyuma. Joseph Kamaru, gwiji wa nyimbo za Kikuyu, alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake, aliyepewa jina lile lile la Joseph Kamaru na anayejiita KMRU, anafanya muziki ambao babu pengine angeuliza umeanza saa ngapi: sauti ndefu za mvua, mashine na barabara, taratibu, bila ngoma. Albamu yake Peel ilitoka mwaka 2020. Lakini mjukuu huyo huyo ndiye anayezichukua kanda za babu, anazisafisha na kuzitoa tena mtandaoni yeye mwenyewe. Nimekutana na wapenzi wa muziki walioingia kwa mlango wa mjukuu wakatokea kwa babu, na kwao nyimbo za babu ndizo mpya. Sioni kosa. Upya wa wimbo uko sikioni mwa anayeusikia, si kwenye tarehe ya faili. Tarehe yenyewe mara nyingi ni ya siku mtu alipopata bando la kupakia.

Mtaniuliza: na nyie watangazaji je? Haki yenu kuuliza. Redio bado ina nguvu ya kumtoa mtu gizani kwa dakika nne. Ila tuseme ukweli, wapo vijana wanaofika getini na flashi mkono mmoja na bahasha mkono wa pili, kwa sababu wameambiwa ndivyo inavyofanyika, na waliowaambia hawakusema uongo. Simtaji mtu. Nasema tu kwamba ukisikia wimbo mmoja mara sita kwa siku kwenye vipindi vitatu tofauti, na hakuna mtu mtaani kwako anayeuimba, una haki ya kujiuliza. Na msanii asiye na bahasha haji getini mara ya pili.

Tuje kwenye pesa, kwa sababu kumgundua msanii na kumwacha na njaa ni kama kumchungulia dirishani akipika. Yapo mambo madogo yenye hesabu. Kwa njia ya video za kawaida, YouTube haianzi kumgawia msanii pesa za matangazo mpaka awe na wafuatiliaji 1,000 na video zake ziwe zimetazamwa saa 4,000 ndani ya miezi 12. Saa 4,000 kwa ngoma ya dakika tatu ni kutazamwa mara 80,000, na hapo ni mpaka mwisho. Kwa hiyo ukifungua video ya kijana usiiache katikati ukaenda kwingine, na kile kitufe cha kufuatilia usikione kama mapambo. Kwa msanii mwenye wafuatiliaji 300 wewe ni mtu mzima, sio takwimu.

Kwa mwenye kadi ya benki inayokubali malipo ya nje kuna Bandcamp, duka la mtandaoni lililoanzishwa Marekani mwaka 2008. Humo unanunua albamu ikawa yako, unaweza kulipa hata zaidi ya bei iliyoandikwa, na duka hukata asilimia 15 kwenye muziki wa kupakua. Tarehe 20 Machi 2020, corona ilipofunga kumbi, waliacha kukata sehemu yao kwa siku nzima ili wasanii wapate, na tangu hapo zimekuwapo Ijumaa nyingine za namna hiyo. Ugumu uko upande wa kupokea, kwani malipo hupitia PayPal, na kwa miaka mingi Mtanzania aliweza kutuma pesa kwa njia hiyo asiweze kupokea. Ndiyo maana utakuta chini ya video za vijana wetu, pale penye maelezo, namba ya simu ya kutumia pesa. Wengine wanaona ni kuombaomba. Mimi naona ni duka, tena lisilokata asilimia 15. Umefurahi na ngoma ya mtu mwezi mzima, mtumie hata buku mbili, na kwenye ujumbe umwandikie wimbo uliokufurahisha. Atakujibu. Hakuna msanii mkubwa atakayekujibu. Na akishakujibu atakutumia inayofuata kabla haijaingia popote, utakuwa umejipatia mtu wa ndani.

Jambo la mwisho ni la harusini, maana harusi ndiyo ukumbi wetu mkubwa wa muziki mpya na hatuutumii. DJ wa harusi wa uswahilini ana kitu kipya kila wiki, anapewa na maprodyuza wenyewe wakijaribu kama watu watasimama. Wimbo ukipigwa ukaona akina mama wameacha sahani zao, usibaki kushangilia tu. Mfuate DJ akiwa anapumzika, mpe soda, muulize hii ya nani. Uliza na namba. Kuna DJ watakaokuficha kwa kuona wivu wa kazi, hao waache, waulize walioleta spika.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Nawaachia Sisso na Maiko, kutoka albamu yao ya mwaka 2024, Singeli ya Maajabu, iliyotengenezwa Mburahati. Walio na watoto waliolala, punguzeni sauti sasa hivi, kwa sababu hii haina utangulizi.